Kuparamia mgongo wa mlima wakati wa mvua, kaskazini mwa Kigoma: nini kinabadilika?

MtuWaMwanga

Wakuu, mwakeye. Tuko marafiki sita, wanne wa kiume na wawili wa kike, wote miguu iko vizuri. Tunapanga Jumamosi moja ya Desemba kupanda mgongo wa mlima kuanzia ufukweni upande wa Mtanga mpaka juu kwenye ukingo wa bonde la ufa, kisha turudi njia ile ile siku hiyo hiyo. Kwa ramani ni kama mita 700 za kupanda kutoka usawa wa ziwa. Chini ni mashamba na majani, katikati miti ya miombo, na juu kuna vipande viwili vitatu vya mwamba ambavyo bila mikono hupiti.

Kiangazi njia hiyo inajulikana. Swali ni mvua. Tujiandae vipi tofauti na kawaida? Viatu gani? Nimeona dukani kamba ya plastiki ya mita 30, tuibebe? Na tukishazoea tunataka kwenda mlima Nkungwe kule Hifadhi ya Mahale, kwa hiyo naomba majibu ya kina, sio "mwe makini" tu.

Mgebuka_Kibirizi

Karibu mkuu. Nianze na saa, maana ndiyo inayoharibu safari nyingi kabla hata tone halijadondoka.

Boti za abiria za kuelekea kaskazini huondoka Kibirizi, ufukweni Kigoma, mchana na kurudi alfajiri. Kwa hiyo ondokeni Ijumaa, mlale kijijini, na baada ya siku ya kupanda mrudi kwa boti ya alfajiri. Msijaribu kubana kila kitu ndani ya siku moja kwa boti ya kukodi, kwa sababu mkichelewa juu mtashuka mbio ili kumuwahi nahodha, na kushuka mbio kwenye utelezi ndiko kunakovunja miguu. Mkifika, nendeni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji. Semeni mnapanda wapi na mtarudi saa ngapi, na ombeni mwenyeji wa kuwaongoza. Sehemu ya misitu ya juu ni hifadhi za vijiji, na ukienda kaskazini kidogo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Huko hupiti bila kibali na mwongozaji. Ukungu ukishuka, mpaka hauuoni, kwa hiyo mwenyeji si wa heshima tu, ni wa lazima.

Sasa hesabu. Kiangazi mtu mwenye pumzi hupanda mita 300 kwa saa bila shida. Kwenye matope na mwamba uliolowa, wekeni mita 200. Mita 700 ni saa tatu na nusu, ongeza nusu saa ya kupumzika. Kushuka msikukadirie nusu ya muda kama watu wengi wanavyofanya. Wekeni saa tatu nzima. Desemba jua la Kigoma huchomoza karibu saa moja kasorobo, basi anzeni saa moja kamili asubuhi. Saa tano mtakuwa juu, saa nane mko chini. Saa tano na nusu, popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana, mnageuka. Radi za msimu huu hupenda mchana na alasiri, na nyinyi mnataka muwe mmeshavuka vile vipande vya mwamba kabla hazijaanza.

Jambo moja dogo ambalo wageni wa huku hawalijui. Mkiwa juu, simu inaweza kunasa mtandao wa Burundi au wa Kongo. Huko saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijirekebishe yenyewe itajirudisha, na ile saa tano na nusu yenu itakuwa kweli ni saa sita na nusu. Zimeni marekebisho hayo kabla ya kuondoka, au mmoja avae saa ya mkononi.

Mkwezi_Buzebazeba

Mgebuka amemaliza ya ratiba. Mimi niingie kwenye mwamba wenyewe.

Mjifunze kulisoma jiwe. Miamba mingi ya huku ni ya kwatzi, migumu, yenye chembe zinazokwaruza. Likiwa safi hushika soli hata likilowa. Kinachoangusha watu ni kile kilichoota juu yake: ukoga mweusi kwenye mifereji ambamo maji hupita kila mvua, na kijani upande usiopata jua. Tafuteni jiwe lenye rangi ya jiwe. Mara nyingi ukiacha mfereji, ambao ndio unaoonekana rahisi kwa sababu una ngazi ngazi, na kusogea mita mbili pembeni kwenye kifua cha mgongo, unakuta pamekwaruza na pakavu kiasi. Mizizi iliyomenyeka ni mibaya kuliko jiwe lolote. Usiikanyage, kanyaga katikati yake.

Mikono miwili na miguu miwili ni vinne. Kinasogea kimoja, vitatu vimetulia. Kiangazi watu huruka utaratibu huu na hawapati adhabu. Kwenye mvua hauna mjadala. Uzito ubebwe na miguu, mikono ikuweke sawa tu. Anayejivuta kwa mikono huchoka ndani ya mita kumi, na vidole vilivyolowa hufa ganzi bila kutoa taarifa. Kifua kisilale kwenye mwamba. Watu wakiogopa hukumbatia jiwe, na papo hapo miguu huteleza nje, kwa sababu uzito umetoka juu ya soli. Simama wima, nyonga zikiwa juu ya miguu. Kwenye jiwe lililolala kama bati la paa, weka soli yote. Kwenye kidaraja chembamba, yaani ukingo mdogo wa jiwe, tumia ncha ya ndani ya kiatu na usiitikise.

Kabla ya kuuamini mshiko wowote, ugonge kwa kiganja. Ukitoa sauti ya uwazi, au ukihisi mtikisiko mdogo, achana nao. Mvua hulegeza udongo nyuma ya mawe yaliyopachikwa, kwa hiyo jiwe lililobeba watu kiangazi kizima linaweza kung'oka Desemba. Mshiko ukiwa wa mashaka na huna mwingine, usukume kwenda chini na ndani, usiuvute kuja kwako. Majani nayo yashikwe kwa fungu, chini kabisa kwenye shina, na yavutwe kuelekea chini. Ukishika ncha yanakukata vidole na yanakatika. Glavu za ujenzi zenye mpira kiganjani zinatosha sana kwa sehemu ya majani, zivue ukifika kwenye jiwe. Na usitie mkono kwenye kidaraja cha jiwe usichokiona. Gonga kwanza kwa fimbo. Mvua ikikatika na jua likatoka, nyoka hupanda kuota kwenye mawe hayo hayo mnayoyashika.

Sasa kushuka, ambako naomba mniwekee umakini wote mlionao. Unaposhuka huoni unapokanyaga, magoti yamechoka, na uzito unakwenda kwenye kisigino, yaani sehemu ya soli yenye mshiko mdogo. Mteremko wa kawaida, shuka ukiangalia mbele, magoti yamekunjwa kidogo, hatua fupi. Ukizidi, geuka ubavu. Ukiona unatamani kukaa na kuteleza kwa makalio, hapo ni pa kugeuka uso kwenye mwamba na kushuka kinyumenyume. Aliyetangulia chini anakuelekeza kwa sauti: "mguu wa kushoto, chini kidogo, hapo." Kuteleza kwa makalio kwenye majani yaliyolowa hakusimamishiki, na huku chini ya majani mara nyingi kuna genge.

Kwa sababu hiyo, kila mkifika kipande cha mwamba, wa kwanza apande mita tatu halafu ashuke palepale kabla hajaendelea. Akishindwa kushuka mita tatu akiwa na nguvu za asubuhi, hatashuka mita kumi na tano akiwa amechoka na mvua inampiga usoni. Jaribio hilo linachukua dakika nne. Kipande kisichoshukika hakipandwi, maana njia yenu ya kurudi ni ile ile.

Mawe ya kuporomoka: ukilisukuma hata dogo, piga kelele "JIWE!" mara moja, usisubiri kuona linaelekea wapi. Aliye chini asiangalie juu. Ajibanze kwenye mwamba, begi libaki mgongoni. Kwenye korongo jembamba msifuatane mkiwa mmeachana mita kumi kumi, maana jiwe linapata mwendo kabla halijamfikia wa chini. Ama mbanane kabisa, ama apite mmoja mmoja na wengine wasubiri pembeni.

NesiWaUjiji

Naomba niongeze kuhusu mwili, kwa sababu watu wa ziwani hatuamini kwamba baridi inaweza kumdhuru mtu Kigoma.

Kwa kila mita 1,000 mnazopanda joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo kule juu ni nyuzi 4 hivi pungufu ya ufukweni. Peke yake si kitu. Ongeza nguo zilizolowa na upepo wa mgongoni, ambako hakuna kinachouzuia, na mkae dakika arobaini mkimsubiri mtu aliyekwama kwenye mwamba. Hapo mwili unaanza kushindwa kujipasha. Dalili huja kwa mpangilio: kutetemeka, kisha vidole kushindwa kufunga kamba za kiatu, kisha kujikwaa na kuongea maneno yanayoburutana. Mtu aliyeacha kutetemeka huku bado amelowa na anaonekana mzito, huyo amezidiwa, hajapona. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mfunikeni turubai pamoja na mwenzake wa kumpa joto, na kama anameza vizuri mpeni kitu chenye sukari. Pombe kali msimpe hata tone. Inamfanya ahisi joto wakati inalitoa mwilini.

Kwa hiyo acheni jinzi nyumbani. Ikilowa ni nzito, inabana goti, na haikauki siku hiyo. Jezi ya mpira wa miguu na suruali nyepesi ya michezo ni bora na bei yake ni ya mtumba. Kila mtu abebe fulana kavu na sweta kwenye mfuko wa plastiki mzito uliofungwa, na visifunguliwe kwa ajili ya manyunyu. Ni vya dharura au vya juu mkisimama. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, siafu msimu huu wako njiani. Chakula kiwe cha kula kwa mkono mmoja, kidogo kidogo kila saa: karanga, ndizi mbivu, maandazi, muhogo wa kuchemsha. Maji lita mbili kila mmoja hata kama mvua inanyesha. Kwenye mvua watu husahau kunywa.

Radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Chini ya sekunde 30, msiwe bado mnajadiliana, muwe mnashuka kutoka mgongoni kwenda ubavuni mwa mlima. Msijifiche chini ya mti mmoja mrefu wala kwenye mdomo wa pango fupi, umeme hupita hapo ukitafuta ardhi. Mkishindwa kushuka, achaneni mita 15 au zaidi, kila mmoja achuchumae juu ya begi, miguu imegusana. Ngurumo ya mwisho ikipita, subirini dakika 30 kabla ya kurudi mgongoni. Nywele zikisimama au mkisikia mlio wa nyuki hewani bila nyuki, ondokeni sekunde hiyo hiyo.

Begi la huduma ya kwanza lisizidi mahitaji: bandeji mbili pana za mvuto, chachi, plasta, khanga mbili za kufungia mkono au mguu, dawa ya maumivu, chumvi-sukari ya kutibu kuharisha, filimbi kwa kila mtu. Filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudia. Aliyeteguka kifundo msimvue kiatu kama bado mna safari. Mfungeni bandeji juu ya kiatu, maana kikivuliwa, uvimbe hautakiruhusu kurudi. Namba ya dharura ni 112, lakini mtandao mabondeni unapotea, kwa hiyo anayepiga apande sehemu inayoliona ziwa.

MtuWaMwanga

Wakuu, nashukuru sana, hii ndiyo niliyokuwa nataka. Mawili yamebaki. Kamba bado sijajibiwa. Na kuna mwenzetu mmoja anaogopa urefu ila hasemi, kila ukimuuliza anajibu "twende tu". Tumuweke wapi kwenye msururu?

Mkwezi_Buzebazeba

Kamba ile ya plastiki ya dukani iacheni isiwe ya kumfunga mtu kiunoni. Haivutiki, kwa hiyo mtu akianguka hata mita mbili, mshtuko wote unaishia kwenye mbavu zake na kwenye mikono ya aliyeishika. Fundo lake huteleza na linaweza kulegea lenyewe. Na kitu kibaya zaidi ni ile tabia ya kufungana watu sita kwenye kamba moja bila kuifunga popote. Anayeanguka anawachukua wote. Kamba ya kupandia yenyewe, inayovutika, ina maana tu kwa aliyefundishwa kuifunga kwenye mwamba na kuizuia.

Matumizi pekee ninayoyakubali kwenu ni ya kushikilia, kwenye mteremko wa matope usiozidi mita sita hivi. Ifungwe kwenye mti hai mnene kuliko paja, chini kabisa karibu na ardhi, ipigwe mafundo kila nusu mita ili mkono uliolowa usiteleze, na apite mmoja tu kwa wakati. Mkifika mwamba ambao mnaona bila kamba haupitiki, zungukeni au rudini.

Huyo mwenzenu, mpandapo awe wa pili, nyuma ya mwenye uzoefu, ili aone mguu umekanyaga wapi wakati bado anakumbuka. Wa pili kwa uzoefu afunge mkia. Mkishuka, mwenye uzoefu atangulie kumuelekeza miguu kutoka chini. Na usimuulize mbele ya watu. Muulize pembeni, na umuulize swali lenye kazi: "Hapa ukiambiwa ushuke sasa hivi, ungeanza na mguu gani?" Akikuonyesha, yuko sawa. Akisema "twende tu", jibu umeshalipata. Ijumaa usiku kabla ya kulala mkubaliane wote sita kwamba yeyote akisema "turudi", mnarudi, hakuna kuulizwa sababu. Marafiki huumizana milimani kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme.

DadaWaHeruJuu

Nimesoma yote, naona viatu vimesahaulika.

Njumu za mpira, zile za meno, ni nzuri sana kwenye matope na majani, na ni hatari tupu kwenye mwamba, kwa sababu mnasimama juu ya meno kumi magumu badala ya soli. Gambuti soli yake nyingi ni laini na kisigino kinacheza ndani, kwenye mteremko unakuta mguu umeteleza ndani ya kiatu kabla kiatu hakijateleza chini. Kwa safari yenye vyote viwili, chukueni kiatu cha kamba chenye soli ya mpira laini yenye meno ya kina cha milimita nne au tano. Ibonyeze kwa ukucha, ikigoma kabisa kama plastiki, kwenye jiwe lililolowa haitashika. Mtumba wa Mwanga, Kigoma mjini, unavyo. Kiwe kimeshavaliwa wiki mbili, na kabla ya kila mwamba mpangusane matope kwenye soli kwa kijiti. Matope yakijaa kwenye meno, kiatu kizuri na kibaya vinakuwa sawa.

Mgebuka_Kibirizi

Dada yuko sahihi, hasa hilo la kupangusa. Kuhusu Nkungwe sasa: ni mita 2,462, na ziwa liko karibu mita 773, kwa hiyo ni kupanda kama mita 1,690, zaidi ya mara mbili ya hii yenu. Mahale haina barabara ndani, mnafika kwa boti, na mlimani mnakwenda na mwongozaji na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa kawaida siku mbili au tatu mkilala njiani. Wekeni nafasi mapema na mwende kati ya Juni na Septemba.

Na kwa Desemba hii, kabla ya kuondoka kijijini Jumamosi, angalieni vijito mtakavyovuka mkienda. Wekeni jiwe au kijiti kwenye ukingo wa maji saa moja asubuhi. Makorongo ya huku ni mafupi na yamesimama, mvua ya saa moja juu inayajaza mara moja. Mkirudi mkakuta maji yamepita alama na yanafika gotini kwa kasi, msivuke. Kaeni upande wa juu mle karanga zenu. Vijito vifupi hivyo hivyo hupungua ndani ya saa chache mvua ikikatika, na muda wa kusubiri mnao, mradi mmegeuka saa tano na nusu.